Kupata Tiketi Nafuu ya Ndege ya Kimataifa

Anza na tarehe, si shirika la ndege. Fungua Google Flights, tovuti ya kutafuta na kulinganisha bei za ndege, weka uwanja unaoondokea na unakokwenda, kisha bonyeza kalenda uone bei za siku mbalimbali. Kusogeza safari siku mbili tatu kunaweza kushusha nauli kuliko kuponi yoyote. Jaribu na viwanja jirani, ila jumlisha nauli ya kufika huko. Bei isipokuridhisha, washa arifa ya bei usubiri.

Ukiipata nafuu, ilinganishe na tovuti ya shirika lenyewe. Tofauti ikiwa ndogo, nunua huko: ukinunua kwa wakala wa mtandaoni na ndege ikafutwa, wakala na shirika huweza kurushiana mpira huku wewe umekwama.

Mtego mkubwa ni kuunganisha tiketi mbili zilizonunuliwa kila moja peke yake. Bei huvutia, lakini ndege ya kwanza ikichelewa, kwa kawaida shirika la pili litakuhesabu kuwa hukutokea, na nauli imepotea. Tena mara nyingi hulazimika kuchukua mzigo na kuukabidhi upya, yaani kuingia nchi unayopitia, na huenda ukahitaji viza yake. Acha angalau saa 5 katikati, na ndege ya pili isiwe ya mwisho kwa siku hiyo.

Halafu mzigo. Nauli ya chini kabisa aghalabu haina begi la kukabidhi, na kulipia uwanjani huwa ghali kuliko mtandaoni. Pima begi nyumbani. Jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi.