Umepewa jaji mwanamke au mwanamume? Fanya hivi kabla ya kuingiwa na baridi

Kotini Mombasa watu huulizana hilo swali kwa korido kabla hata faili kuitwa, halafu mtu ashajihesabu kashinda ama kashindwa. Hebu ngoja.

Anza na kesi yenyewe ni ya nini. Kama mwagombania deni la mzigo wa bandarini ama mpaka wa shamba Kisauni, jinsia ya jaji weka kando. Boyd, Epstein na Martin walitoa utafiti 2010 kuhusu majaji wa Marekani, wakaangalia aina 13 za kesi na tofauti ya maana wakaipata kwa moja tu, ubaguzi wa kijinsia, hapo uwezekano wa jaji mwanamume kumpa mlalamishi ushindi ulikuwa chini kwa kama pointi 10 za asilimia, lakini akikaa jopo moja na mwanamke naye husogea upande wa mlalamishi.

Sasa ikiwa ni talaka, watoto ama mali ya ndoa hapo ndo ufungue macho, manake jaji yeyote aweza kuwa na picha yake ya mke mwema ni yupi (na jaji mwanamke aweza kukuuliza mbona hukuvumilia, usidhani ni shangazi yako).

Usibishane na hiyo picha, leta ushahidi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia biashara ya familia kuwa mchango, ila Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe, lazima uthibitishe. Kwa hivyo mama uliyekuwa ukikanda mahamri alfajiri ukiuza Majengo, toa meseji za M-Pesa, risiti za unga, za karo, na jirani aliyekuona aje aseme. Baba nawe usiende kulia ati koti ni la wanawake, kifungu cha 53 cha Katiba chasema jukumu la mtoto ni sawa kwa baba na mama, wawe walioana au la, wewe onyesha nani humpeleka kliniki na nani huenda mikutano ya shule.

Waislamu, sheria hiyo ya 2013 yawaruhusu kufuata sheria ya Kiislamu kwa mali ya ndoa, ongeeni na wakili mapema.

Kumkataa jaji eti kwa vile ni mwanamke tu haitashika. Lakini akitoa neno la kudharau, mwambie wakili wako aombe liandikwe kwa rekodi papo hapo, manake kutoka kwa hakimu hadi Mahakama Kuu una siku 30 za kukata rufaa na huko hawatasikiliza ulichokisikia wewe, watasoma kilichoandikwa.