Gari la gia za mkono lijaribie mlimani

Ukinunua gari lililotumika hapa Mbeya, usiridhike na kuzunguka nalo Soweto. Lipandishe Mlima Nyoka injini ikishapata moto. Uwe gia ya tatu, kanyaga mafuta: injini ikinguruma na mwendo hauongezeki, klachi imekwisha. Wakati wa kushuka, gia ikiruka yenyewe, tatizo ni giaboksi, na hilo ni ghali zaidi.

Dhamana ya mdomo usiikubali kabisa. Iandikwe kwenye mkataba: giaboksi imo? Klachi je? Klachi huisha kwa matumizi kama breki, ndiyo maana wauzaji wengi huiacha nje. Na gari likiharibika, tafadhali, fundi wako asifungue giaboksi kabla muuzaji hajaiona. Atasema ninyi ndio mlioiharibu.