Uzito wa triga ya bastola si namba tu

Watu wengi wakishika bastola huuliza triga (kile kifyatulio unachovuta kwa kidole) ina uzito gani, basi. Namba hiyo inaeleza nguvu ya kidole inayohitajika mpaka risasi itoke. Bastola nyingi za sasa zisizo na nyundo ya nje (kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi ilipuke) huwa karibu kilo 2.5. Rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ikifyatuliwa bila nyundo kurudishwa nyuma kwanza (kukokiwa) hufika kilo 4.5 au zaidi, kwa sababu kidole kinarudisha nyundo na kuzungusha silinda papo hapo. Ikoki kwanza, na uzito unashuka hata chini ya nusu.

Sasa linganisha: bastola yenyewe mara nyingi haifiki kilo moja. Ukivuta triga ya kilo 2.5 kwa pupa, mdomo wa bastola lazima uyumbe. Ndiyo maana mimi najali zaidi ulaini wa mvuto kuliko uzito. Triga nzito inayoteleza sawasawa ni rahisi kuizoea kuliko nyepesi inayokwaruza.

Jizoeze ukiwa na bastola tupu: toa magazini (kibweta cha risasi), vuta slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma), tazama chemba, pale risasi inapokaa ikifyatuliwa, na uiguse kwa kidole, risasi zote ziwe chumba kingine, kisha elekeza ukuta usiopenyeka. Vuta polepole. Utasikia ulegevu mwanzoni, halafu ukinzani, halafu mwachio, yaani pale triga inapofyatua. Simama kwenye ule ukinzani, ongeza nguvu kidogo kidogo huku ukitazama kama kilengeo cha mbele, kile kidogo juu ya mdomo wa bastola, kinatikisika. (Bastola za .22, yaani za risasi ndogo, usizifyatue tupu kabla ya kusoma kitabu chake cha maelekezo, nyingine huharibika.)

Na usipunguze uzito wa triga mwenyewe. Mpelekee fundi wa silaha.