Waya wa shaba wenye nanotyubu za kaboni: kuongeza nguvu bila kupoteza umeme

Usiyeyushe shaba na kuimwagia nanotyubu, yaani mirija midogo mno ya kaboni. Shaba iliyoyeyuka hailowanishi kaboni, wala kaboni haiyeyuki ndani yake. Utaziona zikielea juu kama masizi. Njia inayofaa ni ya unga. Vipimo hivi ni vya gramu 20 za shaba, yaani kama mita 2.8 za waya wenye kipenyo cha milimita 1.

Anza na gramu 1 ya nanotyubu zenye kuta nyingi. Zipimie ndani ya kabati la kufyonza hewa, kwani vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Zipashe joto taratibu kwenye asidi ya nitriki ya molari 3 (moli 3 kwa lita), nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, kwa saa 3, kisha suuza hadi pH 7. Asidi huondoa mabaki ya metali na kuupa uso wa kaboni mahali pa kushikia shaba. Ikiwa kali mno huzikatakata. Usizikaushe, zitagandamana upya. Kausha kipande kidogo tu cha rojo hilo la nanotyubu na maji ukipime, ujue kiasi kilichomo.

Chukua rojo lenye gramu 0.04 za nanotyubu, takriban asilimia 1 ya ujazo. Ukizidisha, zinajifunga mafundo yenye uwazi ndani: umeme haupiti hapo, na waya hukatikia hapo hapo. Zitawanye kwenye lita 1 ya maji kwa ultrasoniki (mitetemo ya sauti ya masafa ya juu), dakika 30, chombo kikiwa kwenye barafu.

Ongeza gramu 63 za asetati ya shaba yenye maji ya fuwele. Ikishayeyuka, dondoshea gramu 26 za hidroksidi ya sodiamu iliyoyeyushwa kando, huku ukikoroga. Pasha hadi nyuzi 80 mpaka buluu igeuke nyeusi, yaani oksidi ya shaba. Chuja, suuza sodiamu yote, kausha.

Sasa ondoa oksijeni kwenye oksidi hiyo ili ibaki shaba: nyuzi 250 hadi 300, kwenye arigoni yenye asilimia 5 ya hidrojeni. Hapa ndipo wengi huharakisha. Unga huu unahitaji angalau lita 150 za mchanganyiko huo. Kwa nusu lita kwa dakika, ni saa 5 au zaidi. Mvuke wa maji ukiendelea kutoka, bado. Oksidi inayobaki huharibu upitishaji kuliko nanotyubu zenyewe.

Gandamiza unga kwenye ombwe, nyuzi 600, megapaskali 50. Pima densiti kwa kuzamisha majini: chini ya gramu 8.7 kwa sentimita ya ujazo, kuna matundu, rudia. Kisha vuta kupitia dai (kitundu kigumu kinachopunguza unene wa waya), ukipunguza eneo asilimia 10 hadi 15 kila mara. Uvutaji huu pia hulaza nanotyubu kufuata urefu wa waya. Ukianza kupasuka, ulainishe kwa nyuzi 400 kwenye arigoni. Hewani nanotyubu huungua.

Pima ukinzani kwa ncha nne: mbili za kupitisha mkondo, mbili za kupima volti. Mita 1 ya shaba safi ya milimita 1 ina miliomu 21.95 kwenye nyuzi 20, ukipata 23.1, umebaki na asilimia 95 ya upitishaji. Dhibiti joto, maana nyuzi 10 za tofauti hubadili jibu kwa karibu asilimia 4. Nguvu nayo ilinganishe na shaba tupu iliyovutwa kwa hatua zile zile, kwa sababu kuvuta peke yake huikaza shaba.