Madeni, kodi na ukweli: kujiandaa kuomba kibali cha usalama Marekani

Umepata uraia wa Marekani, na kazi ya jeshini au ya mkandarasi wa serikali inataka kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali. Kabla hujaigusa SF-86, fomu ya maswali ya kuombea kibali hicho, chukua ripoti zako za mikopo bure kupitia AnnualCreditReport.com. Chukua zote tatu, ya Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, kwani deni lililoandikwa kwenye moja huenda lisionekane kwenye nyingine.

Fomu inauliza madeni yaliyochelewa zaidi ya siku 120 ndani ya miaka 7, gari lililochukuliwa na mkopeshaji, mshahara uliokatwa, na kufilisika. Deni peke yake halikuangushi. Wasiwasi wa wachunguzi wa serikali ni kwamba aliyebanwa na madeni anaweza kununuliwa, kwa hiyo wanatazama lilikotoka na ulivyolishughulikia. Uliachishwa kazi au uliugua? Tafuta barua za kuthibitisha. Kubaliana na mdai kiasi unachokimudu, kilipe kila mwezi, na utunze risiti. Anza mapema: malipo yanayoanza baada ya kuulizwa hayana uzito uleule.

Kwenye kodi wengi hujiharibia wenyewe. Hawana pesa ya kulipa, basi hawawasilishi ritani kabisa. Wasilisha za miaka yote unayodaiwa, kisha iombe IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ulipe kwa awamu.

Pesa za nyumbani nazo zimo. Unamtumia mama kila mwezi, una kiwanja Kigamboni: yote yanaulizwa, yaandike pamoja na kiasi. Kumtunza mzazi si doa. Kuficha ndiko kunakotia shaka.

Kukamatwa na polisi andika hata kama kesi ilifutwa. Bangi pia, hata kama jimbo lako linairuhusu, maana sheria ya shirikisho bado inaikataza.

Uongo ndio unaoumiza zaidi. Kosa la zamani hupungua uzito kadiri miaka inavyopita, lakini kulificha leo ni kosa jipya, na kuidanganya serikali kwa makusudi kunaweza kukufunga hadi miaka 5. Ukikumbuka ulichosahau, mwambie mchunguzi kabla hajakuuliza.

Mfanyakazi wa mkandarasi wa Wizara ya Ulinzi akiletewa barua ya sababu za kumnyima kibali, ana siku 20 za kujibu kwa maandishi. Jibu kila hoja peke yake, ukikubali au ukikataa, na uambatanishe zile risiti.