Soksi jozi moja tu, mama

Kama shangazi wa Ulaya amewaalika na watoto kwenda kuteleza kwenye theluji, sikilizeni jambo la soksi. Sisi watu wa Goma tukisikia baridi tunarundika tu: soksi mbili, tatu. Ndani ya kiatu cha skii hilo ni kosa. Kiatu chenyewe ni kigumu kama ndoo. Soksi zikijaa, mguu unabanwa, damu haipiti vizuri, vidole vinakufa ganzi. Wangu wa miaka 5 alilia nusu saa nikidhani ni deko. Kumvua, nikakuta mikunjo imemchora mguu mzima!

Mvalishe jozi moja ya sufu, ndefu hadi chini ya goti, uivute isibaki na mkunjo. Ya pamba hapana, inanyonya jasho na kubaki na maji. Mimi za sufu nilizichambua kwenye mitumba ya Birere, hapa Goma.

Glavu ziwe za mfuko, vidole vipashane joto. Na mafuta ya kukinga jua msiyadharau: theluji inarudisha miale usoni, hata ngozi yetu inaungua. Urefu wa kijiji mtakapofikia usiwatishe sana, ingawa miteremko yenyewe iko juu zaidi. Kijiji cha Zermatt, Uswisi, kiko mita 1,600 hivi, na Goma yetu ni kama 1,500.