Kongosho likishaumwa vibaya: chakula, dawa na vipimo nyumbani

Mgonjwa anayerudi nyumbani Kadutu au Panzi, mitaa ya Bukavu, baada ya kongosho (tezi iliyo nyuma ya tumbo, inayotoa maji ya kusaga chakula na insulini) kuvimba vibaya bado hajapona. Sehemu ya kongosho iliyokufa haioti tena, awe alipasuliwa, aliwekewa mpira wa kutoa usaha, au alitibiwa kwa serumu tu.

Kinachowamaliza wengi ni kukonda. Familia inaogopa mafuta, inampa bugali na chai ya rangi, naye anazidi kunyong'onyea. Mpeni milo midogo 5 au 6 kwa siku, yenye protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90. Yai moja lina kama 6, kwa hiyo ongezeni sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), maharagi na maziwa. Mwanzoni sambaza wachemshwe, wasikaangwe. Mawese kidogo kwenye sombe (majani ya muhogo) hayana ubaya kama tumbo linayakubali. Mpimeni uzito kila wiki, kwa mizani ileile.

Kisha tazameni choo. Kikiwa cha rangi ya kufifia, kinanuka kupita kawaida, kinaelea na kuacha mafuta juu ya maji, chakula hakisagwi. Kupunguza mafuta tu hakutasaidia. Daktari ataandika pankreatini, dawa ya vimeng'enya vya kusaga chakula, mara nyingi uniti 40,000 hadi 50,000 za lipase (kimeng'enya cha kusaga mafuta) kwa mlo mkubwa, na kama nusu yake kwa mlo mdogo. Jelule (kapsuli) ya kwanza humezwa na tonge la kwanza, zilizobaki katikati ya mlo. Ukizimeza nusu saa kabla ya kula, umezitupa. Zisitafunwe wala kumezwa na chai ya moto, na chupa isikae karibu na mbabula, maana joto huiua dawa. Choo kisipobadilika, mwambieni daktari: huenda dozi ni ndogo, au asidi ya tumbo inaiharibu dawa, na hapo omeprazoli husaidia.

Sukari ya damu ipimwe asubuhi kabla ya kula, angalau kila miezi 6 mwaka wa kwanza. Ikifika 126 mg/dL mara mbili, ni kisukari. Anayechoma insulini asiruke mlo: kongosho hili limepungukiwa pia homoni ya kupandisha sukari, kwa hiyo sukari ikishuka hushuka vibaya.

Aliyepasuliwa asibebe bidoni ya lita 20 kwa miezi 2 hivi, hasa kwenye milima ya Bukavu. Kidonda kikifunguka kwa ndani, utumbo hutokeza chini ya ngozi. Kama bandama ilitolewa, aulizie chanjo za nyumonia na meninjaiti, na homa yoyote aipeleke hospitali siku hiyohiyo. Kunywa dawa ya malaria nyumbani na kungoja kunaweza kumuua.

Kasiksi, kanyanga, bia, sigara: hapana, hata kidogo. Kama chanzo kilikuwa mawe ya nyongo, kibofu cha nyongo kiondolewe kwa upasuaji, maji yaliyojikusanya tumboni kwa sababu ya ugonjwa yakishatulia. Kikiachwa, ugonjwa unaweza kurudi.

Hata baada ya miezi, homa yenye baridi, kushiba kwa matonge mawili na kutapika, au tumbo kuvimba upande wa juu huashiria maji yaliyojikusanya. Akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, msingoje kesho: mshipa wa bandama huenda umeziba na mishipa ya tumbo imepasuka.